Aliyesimama Mara Mbili

Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, wafanyakazi wenzake wa karakana ya ushonaji, ndugu na jamaa mliotoka mbali na majirani mliotoka ukuta wa pili, familia inawashukuru kwa kufika, na kwa heshima yote imemtuma mdogo wake wa mwisho marehemu, yaani huyu mnayemwona na miwani miwili shingoni, awasomee maisha ya dada yake tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutia chumvi na, tukijaliwa, bila kupunguziwa.

Tunasema bila kupunguziwa kwa sababu historia hii imetembea kabla ya kufika hapa, iliandikwa nyumbani Jumatano, ikapelekwa kwa katibu wa baraza la wazee wa kanisa kama utaratibu unavyotaka, ikarudi Alhamisi ikiwa na mstari mwekundu chini ya sentensi moja, ile ya idadi ya watoto, na maagizo pembeni kwamba familia iamue moja, ama watoto ni watatu ama ni wawili, maana historia ya marehemu si mahali pa mafumbo. Katibu tunamwona ameketi safu ya pili, nakala yake iko gotini na kalamu iko wazi, tunamwomba asichoke, sentensi hiyo tutaifikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya maghala ya nafaka, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mlinzi wa maghala hayo na mkewe, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, na alibatizwa Jumapili tarehe 8 Aprili mwaka huohuo. Wanaotufahamu wanajua kwamba ukoo huu ni wa watu wa kushuku, hilo hatulifichi, baba yetu alilinda milango ya wengine hata akawa anajipapasa mifuko yake mwenyewe kabla ya kutoka kazini, asije akawa amejiibia, na mama akiletewa salamu tamu kupita kawaida alikuwa anauliza kwanza mletaji anataka nini. Dada yetu alinyonya maziwa hayohayo, ila kwake yeye yaligeuka kitu kingine, kama mtakavyosikia.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, na akiwa darasa la nne, katika somo la dini, mwalimu alisimulia habari za yule mchungaji mwenye kondoo mia aliyempoteza mmoja akaenda kumtafuta, watoto wote wakafurahi kondoo amepatikana, dada yetu akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na wale tisini na tisa aliwaachia nani?" Mwalimu akamwambia akae, naye hakukaa, akasema baba yake akiliacha ghala zima kwenda kutafuta gunia moja anafukuzwa kazi siku hiyohiyo, basi akatolewa nje, akasimama juani mpaka kipindi kikaisha, na alipoingia hakuna aliyemjibu. Kuanzia siku hiyo wenzake walimwita Mbona, na alipokuja kuzaa akawa Mama Mbona, jina ambalo nusu yenu hapa mlimwita kwa upendo na nusu nyingine mnajijua. Alimaliza darasa la nane Desemba 1966.

Tarehe 1 Februari 1968 alianza kazi katika karakana ya sare za shule, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya baiskeli, akianza kwa kufagia vipande na kuokota pini, akapanda hadi kushona, na mwaka 1980 akawa mkataji mkuu, meza ya kukatia ikawa yake hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2011. Mwenye karakana alitaka akiba ya mshono, kile kitambaa kinachokunjwa ndani, iwe upana wa kidole kimoja ili kitambaa kitoshe nguo nyingi, marehemu akakata vidole viwili, akaitwa ofisini, akasema mtoto anakua, nguo isiyo na akiba mwakani ni tambara la kudekia, akaonywa, akarudi mezani akakata vidole viwili, hadi mwenye karakana akachoka kumwita. Wenzake wanakumbuka pia kwamba hakuwa na haraka ya kutia mshono wa mwisho, alipenda nguo ipigwe bandi kwanza, ile mishono mikubwa ya uzi mweupe inayoshikilia tu, nguo ingoje mwenyewe aje ajaribu.

Jumamosi tarehe 7 Desemba 1974, katika kanisa hilihili, alifunga ndoa na fundi mizani, mtu wa maneno machache aliyekuwa akizunguka madukani kurekebisha mizani za wafanyabiashara, na ambaye alieleza mwenyewe, siku ya harusi, kwamba alimpenda binti huyu kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kumuuliza mizani yenyewe inajuaje kwamba iko sawa. Akaona ni heri aishi na swali hilo kuliko kuishi peke yake. Waliishi pamoja kwa amani hadi mumewe alipofariki tarehe 19 Oktoba 1998 kwa ugonjwa wa mapafu.

Sasa tunafika kwenye watoto, na katibu anaweza kuandaa kalamu. Wa kwanza ni binti, aliyezaliwa tarehe 22 Juni 1976, ni muuguzi, yupo hapa mbele. Wa mwisho ni kijana, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1983, ni fundi bomba, yupo pia, ameinamisha kichwa. Wa katikati alizaliwa tarehe 2 Agosti 1979, akawa fundi rangi, na mtaa mzima ulimwita Mluzi kwa sababu hakujua kupanda ngazi bila kupiga mluzi, hata akipaka rangi nyumba yenye msiba ilibidi akumbushwe, naye aliondoka nyumbani Alhamisi tarehe 11 Januari 2001 kwenda kufanya kazi ya ujenzi, nchi ya tatu kutoka hii. Alipiga simu kwa jirani mara chache, ya mwisho ikiwa Jumapili tarehe 3 Juni 2001, akasema ni mzima, mashati yote yanambana mabegani kwa kubeba ndoo, akamwahidi mama yake kwamba atapiga tena ampe vipimo. Hakupiga tena.

Mwajiri alipoulizwa alisema kijana alichukua begi lake akaondoka kwa miguu yake, na ofisi zilizoandikiwa zilijibu kwamba jina lake hazinalo, si kwa walio hai wala kwa waliokufa. Wakaja wenye habari, na mnajua penye wengi pana mengi, mmoja akaapa kwamba amemwona sokoni na mke na mtoto mgongoni, mwingine akaja na sura ya msiba akasema kijana alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi akazikwa hukohuko na yeye alikuwepo, huyo tukamkalisha, tukamuuliza marehemu wako alikuwa na tabia gani kazini, akasema alikuwa kijana mkimya sana, husikii hata pumzi yake, basi tukampa chai tukamwonyesha mlango. Wakati huo dada yetu alikuwa amekata shati la mwanawe kwa kukisia, akalipiga bandi, akalitundika ukutani kwenye chumba chake cha kushonea, na mteja aliyetaka kulinunua aliambiwa mwenyewe hajaja kulijaribu.

Katika kanisa letu, kila Jumapili baada ya mahubiri, huombwa sala ya wasafiri, na wenye wasafiri husimama, kisha huombwa sala ya waliofiwa, na wenye misiba husimama. Kwa mwaka mmoja marehemu alisimama sala ya wasafiri tu, kisha, katikati ya mwaka 2002, bila kumuaga mtu wala kuomba ruhusa, akaanza kusimama zote mbili, benchi la nne karibu na dirisha, akisimama, akikaa, akisimama tena. Mwanzoni watu walidhani amechanganyikiwa kwa huzuni wakamvuta gauni akae, halafu wakanong'ona, halafu wakaacha kunong'ona wakasema, kwamba huyu mama ama haamini ufufuo ama haamini ulinzi wa Mungu, maana mwenye kuamini angejua asimame wapi.

Hapo ndipo macho yalipoanza. Macho hayana pazia, na sisi watoto wa mlinzi tunajua tukitazamwa, jirani mmoja mwema, ambaye leo amekuja na shada kubwa kuliko yote, alikuwa anakuja kuomba chumvi asubuhi na kiberiti jioni, huku macho yanatembea ukutani yakitafuta hirizi, yakakuta shati. Lisemwalo lipo, walisema, na lipo kweli, lipo hadi leo, ni la rangi ya maziwa na lina mfuko mmoja.

Jumamosi tarehe 21 Machi 2009 aliitwa mbele ya baraza la wazee wa kanisa, na msomaji wa historia hii alikuwepo kama mwanafamilia, hivyo haya si ya kusimuliwa. Aliulizwa na katibu, huyuhuyu, wakati huo nywele zikiwa bado nyeusi, "Mama, mwanao yu hai au amekufa?" Akajibu, "Sijui." Akaambiwa imani ni kuwa na hakika, akasema, "Hakika ninayo, ya huyo ninayemwomba. Ya mtoto ndiyo sina." Akaambiwa basi achague sala moja, anawachanganya waumini, akasema kwa sauti ileile ya meza ya kukatia, "Mungu anajua ninasimamia nini. Mimi ndiye sijui." Mzee mmoja akamwonya kwamba maswali ni mlango wa shetani, naye akamuuliza kwa adabu kama Bwana pale msalabani alipomuuliza Baba yake sababu ya kuachwa alikuwa amefungua mlango huo, maana aliuliza kwa sauti kubwa, na hatusomi kwamba alijibiwa palepale, ila tunasoma kwamba bado alimwita Mungu wake. Baraza likapitisha kwamba mama apumzishwe kufundisha darasa la watoto la Jumapili. Apumzishwe, ndilo neno lililotumika, wakati hakuwa amelalamika kuchoka.

Siku ile, njiani kurudi nyumbani, mdogo wake alikuwa anawaka moto, akiwataja wazee mmoja mmoja na kueleza nani alitumwa na nani, na marehemu akamsikiliza hadi akaishiwa pumzi, akamwambia tofauti yao wawili ni ndogo, kwamba mwenye shuku ana jibu tayari na anachotafuta ni ushahidi tu, ila mwenye swali anangoja, na kungoja kunauma zaidi, lakini kuna nafasi ya mtu kuingia. Jumapili iliyofuata alikuwa benchi la nne. Hakuhama kanisa, hakununa, hakuacha sadaka wala kwaya, aliwashonea hata wazee wale majoho yao mapya, na mkivaa leo mtaona pindoni akiba ni vidole viwili.

Septemba 2021 miguu ilianza kuvimba, na tarehe 4 Oktoba 2021 madaktari walisema moyo wake umetanuka na umechoka, akaanza dawa, akaingia na kutoka hospitali, na kuanzia Januari 2022 Mchungaji wetu huyu, akiwa mgeni kituoni, akawa anakuja nyumbani kila Alhamisi mchana na kufunga mlango. Familia ilikaa roho juu. Tulisema ametumwa na baraza, anataka kumtoa mgonjwa neno moja, hai au mfu, apate kulipeleka, na binti mkubwa, ambaye ni mtu mwenye heshima zake na cheo chake wodini, alisimama nyuma ya mlango na sinia la chai hadi chai ikapoa. Alichosikia, na Mchungaji ametupa ruhusa kukisema, ruhusa ambayo nayo tuliishuku siku nzima, ni kwamba aliyekuwa anauliza alikuwa Mchungaji, kwa ajili ya jambo lake mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya mimbarini, na mgonjwa alimjibu, "Hilo sijui, Mchungaji. Lakini usiache kuomba nalo. Kaa nalo mbele zake, usikae nalo pembeni." Swali lenyewe ni lake, hatulitaji.

Wakati watu wote wanatazama mlango wa mbele, jambo lenyewe lilikuwa linapita jikoni. Mwezi Februari mwaka huu mtoto wa mwisho alikuja kurekebisha bomba la jikoni linalovuja, mkabala na chumba alicholala mama yake, mlango ukiwa wazi, na akiwa amempa mgongo, spana mkononi, alisema jambo alilolibeba tangu akiwa kijana wa miaka kumi na saba, "Mama, miaka yote hii umemsimamia asiyekuwepo. Sisi tuliokuwepo ulituachia nani?" Habari ya kondoo hakuwa anaijua, hakuna aliyewahi kumsimulia. Marehemu akamwambia kwamba yeye mwenyewe aliuliza swali hilo akiwa darasa la nne, wakamtoa nje akasimama juani, na hata leo jibu hana, lakini yeye hatamtoa mtu nje, akasema, "Nisamehe, baba. Njoo ukae hapa tuulize wote." Kijana aliweka spana chini, akakaa kitandani kwa mama yake, na bomba liliendelea kuvuja hadi kesho yake.

Jumatatu tarehe 8 Mei alizidiwa akapelekwa hospitali, na Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, wodi ya moyo, upande wa wanawake, kitanda cha dirishani, alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, watoto wake wawili wakiwa wamemshika mikono. Wengi wametuuliza alisema nini mwishoni, wameuliza kwa sauti ya pole na macho ya upelelezi, nasi tunawajibu wote kwa pamoja ili msihangaike, aliomba mto usogezwe, ukasogezwa, akashukuru.

Basi, mstari mwekundu uliporudi Alhamisi, nyumba iligawanyika, binti mkubwa akisema andikeni watatu, mtoto wa mwisho akisema andikeni wawili, mama amekwenda, tumalize jambo hili mchana kweupe kama watu wengine, nasi wazee wa familia tukamtazama kijana kwa jicho la pembeni, kwa kuwa alionekana langoni akiongea na katibu muda mrefu, na kikulacho ki nguoni mwako, kumbe alikuwa anaulizwa habari za bomba la kanisa. Jana mchana Mchungaji alifika, sote tukijua amekuja na amri. Akauliza tu, "Yeye mwenyewe alikuwa anasemaje?" Tukamwambia alikuwa hasemi, alikuwa anasimama. Mchungaji akasema, "Basi someni hivyohivyo," akaondoka bila hata kunywa chai, na wa kwanza kuzungumza alikuwa yule mtoto wa mwisho, akaangalia shati pale ukutani, akasema, "Sasa nani atamsimamia kaka?" Akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Basi nitasimama mimi. Zote mbili."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliosema ukweli hata ulipokuwa mfupi, wenzake wa karakana waliofunga mashine zao leo ili waje, kwaya, majirani wote pamoja na yule wa chumvi, ambaye tangu msiba uanze ndiye anayepika na hatujui tumfikirie vipi, Mchungaji kwa Alhamisi zake, na baraza la wazee wa kanisa, pamoja na katibu, kwa kuturudishia historia hii, maana bila mstari ule tusingekaa chini kuulizana.

Marehemu ameacha watoto wawili mnaowaona, wajukuu wanne, na mtoto mmoja ambaye hatujui kama amemwacha nyuma au amemkuta mbele. Ndiyo sentensi yetu, katibu, unaweza kufunika kalamu. Muda si mrefu zitaombwa sala, ikiombwa ya wasafiri kijana huyu atasimama, na ikiombwa ya waliofiwa atasimama tena, tunaomba mtu asimvute shati akae, na anayetaka kusimama naye asijiulize kwanza anasimamia nini.

Dada, baraza lilikupumzisha mapema, ukakataa kuchoka. Ukimkuta huko, mpime mabega. Usipomkuta, sisi huku tutaendelea kusimama. Pumzika kwa amani.